Bodoni: Herufi ya Unene na Unywele

Bodoni ni herufi ya Kilatini yenye nguzo nene zilizosimama wima na mistari ya kuunganishia iliyo myembamba kama unywele. Vikanyagio vyake, yaani vijistari vya kwenye ncha za nguzo, vimelala bapa, havikupindwa pale vinapokutana na nguzo. Ni herufi ya majalada, mabango na vichwa vya habari.

Giambattista Bodoni, aliyeipa jina, alizaliwa Saluzzo, Italia, mwaka 1740, katika nyumba ya mchapaji. Ujanani alifanya kazi Roma katika matbaa ya Propaganda Fide, iliyochapa vitabu vya wamisionari kwa hati nyingi za Mashariki. Alikusudia kwenda Uingereza alikokuwa John Baskerville, bingwa wa karatasi laini na wino mweusi, lakini homa ikamkatisha safari. Mwaka 1768 Ferdinand, mtawala wa Parma, akamkabidhi matbaa yake, na huko Bodoni akabaki hadi kufa mwaka 1813.

Alianza na herufi za Mfaransa Fournier, akaziiga, kisha akazikondesha na kuzinenepesha mpaka zikawa zake. Paris nako ukoo wa Didot ulikuwa ukifuata njia hiyo hiyo. Ubishi wa nani alimtangulia nani hauna faida.

La maana liko mezani pa fundi. Kila herufi ilichongwa kinyume kwenye ncha ya kipande cha feleji. Kipande kikagongwa juu ya shaba, kikaacha alama. Shaba ikafungwa kwenye kalibu, risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa. Ukubwa mwingine ulidai kuchonga upya, na hapo ndipo jicho la fundi lilipofanya kazi: katika herufi ndogo unywele uliongezwa unene kidogo usikatike, katika kubwa ukaachwa ukonde. Kwa hiyo Bodoni hakuacha herufi moja, aliacha ukoo mzima. Mwaka 1806 alichapa Sala ya Bwana kwa lugha 155. Kitabu chake kikuu cha vielelezo, *Manuale Tipografico*, kilitolewa na mjane wake, Margherita Dall'Aglio, mwaka 1818, kwa juzuu mbili. Kurasa zake zina nafasi nyeupe tele, kana kwamba karatasi haikununuliwa kwa fedha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Morris Fuller Benton aliifufua herufi hiyo huko Marekani kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders, nzito kuliko ya Parma. Mwaka 1926 kiwanda cha Bauer cha Ujerumani kikatoa toleo la Heinrich Jost, lenye unywele halisi. Magazeti ya mitindo nayo yakaichukua pamoja na dada yake Didot, na tangu hapo herufi za namna hii zikanukia manukato.

Kisha ukaja upangaji wa herufi kwa picha, na baada yake kompyuta. Mchoro mmoja ukavutwa kwa ukubwa wote, na hekima ya kalibu ikatupwa. Mwaka 1994 kampuni ya ITC ilijaribu kuirudisha kwa michoro mitatu ya ukubwa tofauti, lakini watumiaji wengi hawajui hata kwamba kuna kuchagua. Matokeo yake yako kwenye kadi za harusi na skrini za simu: O imebaki mabano mawili yanayotazamana, unywele umepotea.

Vipande vya feleji vyenyewe vipo bado, kwa maelfu, katika jumba la makumbusho la Bodoni mjini Parma, lililofunguliwa mwaka 1963.