Mawingu ya Bwenini

Mvuvi wa Musoma hashushi mtumbwi majini kabla ya kuinua macho. Dalili ya mvua ni mawingu, na ziwa halina subira na mwenye kuzipuuza dalili. Lakini mawingu ya moyo hayapandi angani. Hutanda kitandani, nyuma ya chandarua, na aghalabu wa kwanza kuyaona si mkufunzi wala mkuu wa chuo, bali mwenza wa chumba.

Na achukuliwe, kwa mfano, kijana wa Butiama aliyekuja kusoma Bunda. Muhula wa kwanza yeye ndiye aliyeongoza vicheko. Muhula wa pili sahani yake hurudi na nusu ya ugali, usiku hukesha, darasani haonekani. Kisha anagawa nguo zake nzuri, na kuwaomba radhi watu asiowakosea. Wenzake husema ana maringo, au amelogwa, au ameachwa na mchumba. Hakuna amuulizaye.

Kuuliza kwahofiwa. Wengi hudhani kuwa kulitaja neno kujiua ni kulipanda. Wataalamu wa afya ya akili husema kinyume, kwamba swali la upole, faraghani, humpunguzia mtu mzigo. Hofu nyingine ni ya sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, urithi wa enzi ya ukoloni, katika kifungu cha 217 hulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu kama hicho, hadi Mahakama Kuu ilipotamka, Januari 2025, kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Mgonjwa aogopaye pingu atamwonyesha nani kidonda chake?

Rafiki aliyeambiwa "usimwambie mtu" amebeba amana nzito. Watu wa pwani waijua heshima ya siri. Wajua pia kuwa mficha maradhi, kilio humuumbua. Siri ya uhai si ya mtu mmoja. Na akae naye, asimwache peke yake, na usiku huohuo amwite mlezi wa bweni, ili mgonjwa asindikizwe hospitali, si polisi.

Mwaka 1934 mtoto wa Butiama, Kambarage, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, akalala mbali na mama yake. Kila mwanachuo wa bweni ni mtoto wa namna hiyo. Mama hakukiazima chuo kichwa cha kujazwa elimu. Amekiazima mwana, naye hungoja kurudishiwa.