Hiari ni ya Nani?

Neno tohara limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni usafi. Anayelitamka amekwisha kuhukumu kabla ya kufikiri. Hapa Dzaleka, sisi tuliotoka Kongo tulio wengi hutahiri wana wetu wangali wachanga. Jirani zetu Wachewa hawakurithi desturi hiyo. Wayao wa Mangochi huwapeleka wavulana jandoni. Watoto hutaniana kwa hayo, na utani huo una miiba.

Faida ipo, nami siikani. Majaribio ya Kisumu, Rakai na Orange Farm yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na Malawi ikawa miongoni mwa nchi zilizolengwa. Kinga hiyo si kamili. Kondomu ingali na kazi yake.

Lakini mpango wenyewe huitwa tohara ya hiari. Lipime neno hilo. Katika ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa 2007, wanaume Wajaluo walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu: hapo hakuna aliyezungumzia afya. Na mtoto mchanga, yeye ana hiari gani? Mwaka 2020 Shirika hilo lilielekeza huduma kwa wenye miaka 15 na zaidi, nami naafiki.

Mwanangu ana miaka minne. Bibi yake hupiga simu kutoka Bukavu kuuliza tunangoja nini. Namjibu, "Mama, tunangoja aweze kusema mwenyewe." Hunyamaza, kisha huuliza bei ya mahindi.