Sikio la Mjomba

Madereva wa bodaboda wa Magindu hutaka kitu kimoja: "Mzee, nibanie mafuta." Mjomba, anayetengeneza pikipiki chini ya mwembe, hukataa. Skrubu ile ya kabureta inatawala sailensa na mwanzo wa kuvuta moto tu. Ukishashika kasi kwenda Mlandizi, petroli inapita kwenye jeti kubwa, isiyojali ulichobana. Utakachopata ni injini inayochemka na kuzimazima. (Wengine huenda kwa fundi mwingine, wakabaniwa, wakarudi baada ya wiki.)

Namna yake ni hii. Injini ipate moto kwanza. Unafunga skrubu taratibu mpaka igote, bila kuikaza, halafu unailegeza mzunguko mmoja na nusu hivi. Kisha unaizungusha kidogo kidogo, ukisikiliza. Upande mmoja petroli inazidi, mlio unakuwa mzito kama wa mtu mwenye kikohozi. Upande wa pili hewa inazidi, injini inarukaruka na kutaka kufa. Katikati pana mahali pembamba ambapo inatulia na kupanda yenyewe kidogo. Plagi itathibitisha baadaye: masizi meusi ni mafuta mengi, weupe ni hewa nyingi, rangi ya udongo mwekundu uliokauka ni sawa.

Tatizo ni kule kusikiliza. Sikio lake la kulia limekufa, na la kushoto linafuata. Ni miaka ya eksozi zilizotobolewa makusudi. Wateja hawajui. Sasa anasikiliza kwa kiganja juu ya tangi, macho amefumba. Kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika, sailensa ya kawaida ya pikipiki nyingi ndogo, injini ya mipigo minne huwaka karibu mara 12 kila sekunde. Kiganja kinapata mtetemo, ila mwako mmoja ukiruka hakiujui. Huo namwambia mimi, kwa kidole mgongoni: moja, bado, mbili, imekaa.

Mama anataka kaka yake aende Tumbi akapimwe. Anajibu kwamba fundi mwenye kifaa sikioni atawapoteza wateja wote. Mimi narudi chuo Jumapili. Jana alimwita mtoto wa jirani, wa darasa la sita, akawasha Boxer moja na kumuuliza, "Hii unaisikiaje?"

Mtoto akasema, "Inaunguruma."

"Vipi?"