Dawa ya Deni Kulipa

Brooklyn Park, Minnesota
Januari 2026

Dada yangu mpenzi,

Huku ni baridi. Asubuhi nachimbua gari kwenye theluji kwa koleo kabla ya kwenda kazini, nikiwaza jua la kwetu Port Reitz, Kenya.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniambia kwamba katika matokeo ya mtihani wake mwanao amefikia matarajio katika Kiswahili, lakini hisabati na sayansi yuko chini ya matarajio. Kisha ukashusha sauti, kama mtu mwenye mgonjwa ndani, ukasema: "Labda kijana wangu ana kichwa kizito. Wa jirani, yule wa akademi, kazoa za juu zote." Dada, neno hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike. Nakuomba usilirudie, hasa mbele ya mwanao.

Unajua kazi yangu hapa ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi. Juzi nilikaa na mvulana wa darasa la nne, Mkongo aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Hajatimiza mwaka hapa. Darasa lilikuwa likijizoeza kwa MCA, mitihani ya jimbo ambayo watoto huanza kuifanya darasa la tatu. Swali la hesabu lilihusu watoto wanaogawana vigari vya kutelezea kwenye theluji. Akalisoma, akarudi mwanzo, akaitia penseli mdomoni. Mwisho akaninong'oneza: "Mwalimu, hiki kitu ni nini?" Kwa kuwa lilikuwa zoezi tu, niliweza kumsaidia. Nikamsomea swali zima kwa Kiswahili, vigari nikavigeuza baiskeli: watoto 36, kila baiskeli watoto watatu. Sijafunga mdomo, yeye kashasema, "Kumi na mbili!"

Siku ya mtihani sitaweza kumfanyia hivyo. Akili ni ileile na hesabu ni ileile, lakini karatasi itamwandika kuwa hajui kugawanya.

Nilimtazama nikajiona mwenyewe darasa la nane. Unakumbuka? Tulikuwa zaidi ya 60 darasani, kitabu kimoja watu watatu, malori yakinguruma barabarani na ndege zikishuka juu ya paa hata mwalimu akanyamaza kuzisubiri zipite. Katika mtihani wa majaribio kukaja kifungu cha Kiingereza kuhusu kupogoa michai. Mimi mtoto wa mikoko na minazi, chai niliijua kwenye kikombe. Nikakwama kwenye neno moja na maswali yote ya kifungu yakanipita. Jioni ile ukaniona nalia kando ya koroboi. Hukusema nina kichwa kizito. Ulianza kuamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, nikalipiwa tuisheni, nikanunuliwa kamusi. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulipokuja, alama zangu zilipanda hata mwalimu akashangaa. Kichwa changu hakikubadilika, dada. Kilichobadilika ni mahamri yako.

Huku Marekani jambo hili wana jina lake: pengo la ufaulu. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 2002, kila jimbo lililazimika kuchapisha matokeo kwa makundi: rangi, umaskini, ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Iliahidiwa kwamba kufikia 2014 kila mtoto angekuwa amefikia kiwango. Mwaka huo ukaja ukapita. Hapa Minnesota, jimbo linalosifiwa kwa shule zake, ripoti ya 2019 ya tawi la Benki Kuu ya Marekani la Minneapolis ilionyesha kwamba pengo kati ya watoto weupe na weusi lilikuwa miongoni mwa mapengo mapana zaidi nchini. Nasifu ukweli wa takwimu hizi, kwani hakuna mkubwa awezaye kuzificha. Lakini kuhesabu deni si kulilipa.

Neno deni sikulibuni mimi. Mwaka 2006 msomi Gloria Ladson-Billings aliwaambia watafiti wenzake wa elimu waache kuimba pengo, waseme deni la elimu. Watu weusi waliokatazwa kusoma zama za utumwa, wakatengewa shule hafifu hadi mahakama ilipoharamisha ubaguzi huo mwaka 1954, wakazuiwa hata kununua nyumba katika mitaa mizuri: wajukuu wao wanapopata alama ndogo, wanasoma salio la deni wasilolikopa.

Nasi Wakenya tunalo letu. Wazee wa kwetu Changamwe waliofanya mtihani wa KAPE watakuambia kwamba enzi za mkoloni hata mtihani wa Mwafrika ulikuwa tofauti na wa Mzungu na wa Mhindi. Uhuru ukatupa mtihani mmoja, lakini madarasa hayakuwa sawa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, watoto wakafurika shule za serikali na walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mwenye nacho akamhamishia mtoto wake akademi ya kulipia. Mwaka 2011 Waziri wa Elimu Sam Ongeri akagawa nafasi za shule za kitaifa ili watoto wa shule za umma wapate fungu lao. Nia ilikuwa njema, lakini hata mwalimu mmoja hakuongezeka darasani kwa hilo.

Sasa mtazame mwanao. Kundi lake ndilo lililofungua njia ya mtaala mpya: mtihani wa kwanza wa KPSEA wa Gredi ya 6 mwaka 2022, Gredi ya 7 ya kwanza 2023, mtihani wa kwanza wa KJSEA wa Gredi ya 9 mwaka 2025. Sekondari msingi ikawekwa ndani ya shule za msingi ambazo nyingi hazikuwa na maabara wala walimu wa kutosha wa sayansi. Wewe mwenyewe uliniambia majaribio ya kemia aliyaona ubaoni, yamechorwa kwa chaki. Na KJSEA ni asilimia 60 tu ya alama yake ya mwisho. Asilimia 20 ni ya KPSEA na 20 nyingine ni ya tathmini za Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake anadaiwa tangu akiwa na miaka kumi na kitu, kwa maabara ambayo hajawahi kuingia.

Basi nina maombi mawili. La kwanza, mkutano wa wazazi ukiitishwa katika shule mpya anayokwenda, nenda, na usikae nyuma. Uliza: walimu wa hisabati ni wangapi? Maabara ipo? Vitabu ni vya watoto wangapi kila kimoja? Nenda na kina mama wenzako wa mtaani, muulize kwa sauti moja, maana aliye na deni hulipa akidaiwa.

La pili, Jumamosi saa tatu usiku ya huko, ambayo ni saa sita mchana kwangu, weka simu mezani na umwite. Alete daftari la hesabu na kalamu. Tutaanza na sehemu, kwa Kiswahili, taratibu, na Jumamosi ifuatayo tutaendelea, Inshallah. Serikali inadaiwa lake, na mimi nadaiwa mahamri yako.

Ndimi mdogo wako.