Malili: Chumba cha Mpita Njia ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. 

Asafiriye kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi huihesabu njia kwa vituo vyake: Mariakani, Mackinnon Road, penye msikiti wa kando ya njia ambapo wasafiri husita kuswali, Voi, Mtito Andei, Makindu, Emali, kisha Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Unguja. Baada ya Salama ndipo ifikapo Malili, katika kaunti ya Makueni, kiasi cha kilomita 60 kabla ya Nairobi. Wengi wetu huipita tukisinzia. Safari hii tulilala hapo siku mbili, na tuliyoyaona yanastahili kusimuliwa kwa watu wa nyumbani.

Malili ni nchi ya ukame. Nyasi zake ni za rangi ya majani ya chai yaliyokauka, na alfajiri punda hupita na mitungi ya maji mgongoni. Jirani yake ni Konza, mji wa teknolojia uliowekewa jiwe la msingi Januari 2013 juu ya ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Mji huo umekusudiwa kupata maji kutoka bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui. Kwa hiyo zimechipuka gesti nyingi kando ya barabara. Hulala humo madereva wa malori, mafundi wa ujenzi, wachuuzi, na jamaa kama sisi. Kitanda alichoamka mmoja asubuhi hulaliwa na mwengine jioni, wala wawili hao hawajuani.

Tulikuwa tukimpeleka mama mkwe wetu kliniki Nairobi. Bibi huyu anatibiwa saratani, na tabibu alikwisha kutuonya kwamba dawa zake hupunguza nguvu za mwili za kupigana na maradhi. Homa au kuhara kwa kawaida kwaweza kumlaza hospitali. Usiku wa kwanza, mjukuu wetu wa miaka minne, aliyelala chumba kimoja na bibi yake, akaanza kutapika. Alitapika juu ya shuka, sakafuni, na ukutani.

Aliyekuja kutusaidia ni mama mmoja wa Kikamba, mtunza vyumba wa gesti ile. Hakuanza kwa kufagia. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, kwanza mtoe shosho humu, mumpe chumba kingine. Na mtoto asimfuate."

Kisha akafungua dirisha, akavaa glavu na barakoa, akayafunika matapishi kwa karatasi, akayazoa na kuyafunga mfukoni. Shuka hakuzikung'uta, alizikunja kwa ndani taratibu, akazitia katika ndoo yenye kifuniko. Akaosha sakafu na ukuta kwa sabuni. Alipomaliza, ndipo alipopaka maji ya klorini, akangoja dakika kumi kabla ya kuyapangusa. Akafuta kitasa cha mlango, swichi ya taa, rimoti na kichwa cha mfereji. Choo akakiacha mwisho, kwa kitambaa chake mbali.

Mke wetu alimwuliza mbona hakuanza na choo, penye uchafu zaidi. Akajibu: "Mama, hapa maji tunanunua kwa mtungi. Nikianza chooni, nitarudi kitandani na uchafu wa choo. Naanza pasafi, namaliza pachafu."

Kazi yote ile aliifanya kwa ndoo mbili za maji. Sisi watu wa pwani hudhani usafi ni wingi wa maji. Twamwaga ndoo kwa ndoo, tukaona ua linang'aa, tukatosheka. Lakini Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, kiasi cha maji yanayojaa viganja viwili. Usafi ni mpango kabla ya kuwa wingi.

Mpango huo haukuwa mgeni kwetu. Fiqhi ya Imamu Shafii, tunayosomeshwa vyuoni tangu utotoni, yatuamrisha kuiondoa kwanza ain ya najisi, yaani kile kitu chenyewe, kisha maji yapite juu ya mahali pale. Elimu ya afya nayo yasema vivyo hivyo: klorini ikimwagwa juu ya uchafu hudhoofika kabla ya kuvifikia viini vya maradhi. Ni lazima sabuni itangulie.

Hata hivyo, tusizichanganye elimu hizi mbili. Nguo yaweza kuwa twahara kwa Swala, na bado ikabeba maradhi. Na pahala paliponyunyiziwa klorini paweza kuwa pamekufa viini, lakini najisi yake haitwahariki mpaka ipite maji. Mama wa nyumba mwenye kuyajua haya hutimiza yote mawili: huosha, huua viini, kisha husuza.

Kuna viini vya kutapika na kuhara ambavyo chembe chache mno zatosha kumwuguza mtu, navyo hukaa juu ya vitasa na meza kwa siku kadhaa. Jeli ya mikono haivifai sana. Dawa yake ni sabuni na maji. Haya yana historia. Mwaka 1847, katika hospitali ya uzazi mjini Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari kuosha mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Wakubwa wengi wa fani yake walimpuuza. Nasi kabla ya hapo kwa karne nyingi tulikuwa na Hadithi, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ituagizayo tuoshe mkono tuamkapo kabla ya kuutia chomboni.

Wala tusidhani kwamba nyota za hoteli ni kinga. Juni 2017, waliohudhuria mkutano wa afya katika hoteli moja ya Nairobi waliugua kipindupindu. Waliokumbwa walikuwa watu wa elimu ya afya wenyewe.

Jambo moja lilitushangaza zaidi. Asubuhi tulimkuta mama yule akisugua kopo la kutawadhia la chooni, ndani, nje na mkononi mwake. Alisema wageni wa bara hutumia karatasi, hivyo zamani kopo lilikuwa likisahauliwa. Ni mwanamke mmoja wa Kiislamu, mpita njia, aliyemzindua. Tujiulize: makopo ya vyoo vyetu, vya nyumbani na vya misikitini, huoshwa lini? Hushikwa na kila mkono, kabla ya mkono huo kuoshwa.

Wengi wenu mnakodisha nyumba kwa wageni Mombasa, Malindi na Lamu, na binti zetu wengi wanafanya kazi za vyumba hotelini. Basi tunausia haya. Mwenye nyumba awanunulie wafanyakazi glavu na sabuni kwa mali yake, wala asiwakate mshahara. Awape vitambaa vya rangi mbalimbali, cha choo kisiingie jikoni. Klorini ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji baridi, yafaa kwa matapishi na damu. Ichanganywe siku ile ile, wala isichanganywe kamwe na dawa nyengine ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Na mgeni akiugua, amwambie mtunza chumba wazi. Kuficha matapishi chini ya godoro ni kumdhuru mama yule, na kumdhuru mgeni wa kesho ambaye hatutamwona uso.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, mtoto alipoa siku ya pili, na bibi yake aliingia kliniki bila ya homa wala kuhara. Hatuwezi kuapa kwamba ni ndoo mbili zile zilizomkinga, kwani mwenye kukinga ni Allah. Lakini sababu zilifuatwa, na kufuata sababu ni katika kumtegemea Yeye.

Tulipoondoka, mke wetu alimpa mkono mama yule pamoja na zawadi ndogo. "Muvea," akashukuru kwa Kikamba, akachukua ndoo zake na kuingia chumba cha jirani, ambacho dereva mmoja alikuwa amekihama punde.

Allah azilinde nyumba zetu na vyumba vya wasafiri wetu, na azibariki mikono inayovisafisha. Amin.