Deki Niliyoinunua kwa Ajili ya Diski Mbili

Mwezi wa Machi mwaka 2009 msafiri mmoja alituletea bahasha kutoka Canada. Ndani yake mlikuwa na diski mbili za DVD. Ya kwanza ilikuwa ya arusi ya shemeji yangu, iliyofungwa mjini Toronto Desemba ya mwaka uliotangulia, na ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuihudhuria. Ya pili ilikuwa filamu ya wanyama wa porini, ambayo shemeji aliinunua dukani huko kwa ajili ya watoto wangu.

Wakati huo mume wangu alikuwa Mogadishu, pamoja na askari wa Uganda waliopelekwa Somalia tangu mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Kotani tulibaki mimi, watoto watatu, na baba mkwe wangu, polisi mstaafu, ambaye macho yake yalikuwa yakifunikwa na mtoto wa jicho na ambaye alikataa katakata kupasuliwa. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila jioni aliuliza tu kama ile arusi imekwisha kupatikana. Nami nilifahamu ya kuwa anahesabu siku za macho yake.

Sisi hatukuwa na deki. Jirani yangu, mke wa koplo, alikuwa nayo moja nzuri ya kampuni yenye jina kubwa, iliyoletwa kutoka Uingereza. Nikamshika mzee mkono, tukaenda. Filamu ya watoto haikuanza hata kidogo. Maandishi yalitokea kwenye kioo yakisema kwamba diski hiyo hairuhusiwi katika eneo la mashine ile. Diski ya arusi ilikubali, lakini kwa aibu: picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, nayo ilikuwa ikipanda juu bila kukoma kama maji yanayochemka.

“Mbona bwana arusi anapaa?” mzee akauliza.

Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Watu wote waliokuwamo chumbani wakakata shauri kwamba diski zote mbili zimefungwa kwa ajili ya Wazungu, na kwamba dawa yake ni kununua deki inayocheza diski za maeneo yote. Nusu ya shauri hilo ilikuwa sahihi. Ile nusu nyingine ilinigharimu nauli ya teksi mara mbili na aibu ambayo nitaieleza.

Yafaa kwanza nieleze habari ya maeneo haya. Diski za DVD zilipoanza kuuzwa, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, wenye filamu waliigawa dunia kwa namba, ili filamu inayoonyeshwa leo Marekani isinunuliwe huko na kuchezwa mahali ambapo bado haijafika kwenye majumba ya sinema. Marekani na Canada ni eneo la 1. Sehemu kubwa ya Ulaya, Japani na Afrika ya Kusini ni eneo la 2. Sehemu kubwa ya Afrika yetu iliwekwa katika eneo la 5, pamoja na India na Urusi. Uchina ina eneo la 6 peke yake. Deki ya jirani yangu ilikuwa ya eneo la 2, na filamu ya wanyama ilikuwa ya eneo la 1. Kwa hiyo hazikuweza kusikilizana. Lakini diski ya arusi, aghalabu inayotengenezwa na mpiga picha kwa mashine yake mwenyewe, haina kufuli la eneo lo lote. Hilo sikulijua.

Shemeji alipopata habari kwa simu alitaka kututumia deki ya huko huko. Namshukuru koplo, mume wa jirani, aliyenizuia. Yeye alikwisha kuunguza redio iliyotoka Marekani, kwa sababu umeme wa kule ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 240. Akanifundisha kugeuza chombo na kusoma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100 hadi 240, kichukue; kikiandikwa 120 peke yake, mrudishie mwenyewe au utafute na transfoma.

Mume wangu alinitumia fedha kutoka katika posho yake, na maagizo mafupi kama ya gwaride: nisizidishe shilingi 80,000, na nisiondoke dukani bila kuziona diski zetu wenyewe zikicheza. Nikaenda Kampala. Duka la kwanza lilikuwa na mashine za majina makubwa. Nyingi zilikuwa zimefungwa, na bei zake zilipita uwezo wangu. Katika duka dogo la pili kijana mmoja akanionyesha deki ya Kichina ambayo jina lake sijapata kuliona tena mahali po pote. Alibonyeza namba fulani kwenye rimoti, akachagua eneo, na filamu ya wanyama ikaanza. Akatia ya arusi. Nayo ikacheza vizuri, yenye rangi, imetulia. Nililipa shilingi 75,000, nikapewa risiti, nikarudi kotani nikiwa mshindi.

Jioni ile bwana arusi alipaa tena.

Asubuhi nilirudi dukani na hasira ambayo hata sasa nikiikumbuka naona haya. Nilisema mbele ya wateja kwamba nimebadilishiwa mashine. Kijana alinyamaza. Fundi mzee aliyekuwa akichomelea waya pembeni ndiye aliyeniuliza, kwa upole, “Mama, televisheni ya nyumbani ni ya namna gani?”

Nikamjibu kwamba ni ile ya chogo, ya zamani.

Basi alinieleza maradhi ya pili. Marekani na Canada walikuwa na utaratibu wao wa picha, uitwao NTSC, wenye mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Sisi, kama Waingereza, tulikuwa na utaratibu wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25. Televisheni ya dukani ilifahamu taratibu zote mbili. Ya kwangu ilifahamu mmoja tu. Hili halikuhusu eneo hata kidogo. Deki ile ile niliyoishutumu ilikuwa na uwezo wa kugeuza picha, ila ilikuwa imeachwa ijiamulie yenyewe. Akafungua ukurasa wa marekebisho kwa rimoti, akachagua PAL, akaniamuru nirudie mimi mwenyewe mara tatu ili nisisahau. Niliwaomba radhi wote wawili.

Usiku huo mzee aliketi karibu na kioo, magoti yakikigusa. Nyuso hazikumfikia, kwake zilikuwa ukungu. Kanisa, wageni na theluji ya nje ilibidi watoto wamsimulie. Kisha ghafula akanyosha kidole. “Ile tai ni yangu,” akasema. Ilikuwa nyekundu ya kukoza, aliyompa mwanawe siku ya kuondoka kwake, na kwa muda wote wa arusi aliifuata ile rangi kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Alijua mwanawe yuko wapi, alipopiga magoti, alipocheza ngoma. Katika picha nyeusi na nyeupe asingeona kitu.

Siku hizi watu wengi wanatazama kwa simu, lakini deki bado zinauzwa, na wapo wenye makasha ya diski za arusi na za marehemu wao. Televisheni bapa nyingi za leo hufahamu taratibu zote mbili za picha, hivyo shida hiyo imepungua. Iliyozuka ni ya matundu, kwa kuwa baadhi yake hazina tundu la waya wa manjano, nawe itakubidi ununue deki yenye HDMI. Mkiambiwa kwamba deki “haina eneo”, ulizeni kama eneo laweza kuchaguliwa kwa rimoti, maana baadhi ya diski za Marekani zilizotolewa tangu mwaka 2000 huitambua mashine ya namna hiyo na kugoma. Na anayetegemea kompyuta akumbuke kwamba kwa kawaida huruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu. Baada ya hapo hubaki katika lile la mwisho.

Mzee alifariki mwaka 2012. Deki ingali kwetu, ingawa sinia lake halitoki mpaka lisaidiwe kwa ukucha. Kijana wangu mkubwa amekwisha kuinakili arusi kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa shangazi yake. Rimoti imefutika maandishi, lakini kitufe cha kuchagulia PAL nakijua kwa kidole.