Maua ya Kusini: Mpeleke Mtwara, Lakini Usichume!

Mwambie mtu wa Dar kwamba wiki endi hii unampeleka mwenzako Mtwara kuangalia maua, atakucheka. Maua si Kitulo, bwana? Kweli, Kitulo kule Nyanda za Juu ina sifa yake, hadi watu wakaiita Bustani ya Mungu. Lakini Kusini nako kuna maua, tena mengine yanalisha mkoa mzima. Siri ni kujua mwezi gani uende na wapi.

Wenzetu wa Ulaya wana majira ya machipuko baada ya baridi. Mtwara mambo ni tofauti. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na maua mashuhuri kuliko yote hutoka wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu kabisa.

Julai hadi Septemba: mikorosho

Toka mjini asubuhi, shika barabara ya Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa korosho, kisha endelea kuelekea Nanyamba. Mikorosho itakupokea kulia na kushoto. Maua yake ni madogo, yanakaa kwenye mashada. Yanaanza na rangi ya maziwa, yakizeeka yanageuka waridi. Teremsha kioo cha gari uvute hewa. Harufu yake ni tamu, na nyuki wanaijua kabla yako!

Ila hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Wanaona mti uko kando ya njia, wanadhani hauna mwenyewe. Wanakata shada, mrembo anachomeka sikioni, picha inapigwa, basi. Shada moja lina maua mamia, na ni machache mno yatakayozaa. Mkulima anayalinda kama yai. Kuna ugonjwa wa ubwiriunga unaounguza maua na machipukizi, ndiyo maana utamkuta alfajiri na mashine mgongoni akipuliza salfa, umande ukiwa bado haujakauka ili unga ushike. Hiyo salfa ni hela.

Miezi kama miwili baada ya ua kuna korosho, na baada ya korosho kuna mnada. Pesa za mnada ndizo zinazonunua sare za shule na bati la nyumba. Harusi nyingi za Kusini nazo husubiri korosho ziuzwe. Kwa hiyo shada unalolikata kumpamba mpenzi wako, huenda ni mahari ya kijana mwenzako. Piga hodi, salimia, omba ruhusa. Wengi watakukaribisha, na watakuonyesha mti wenye maua mazuri kuliko ule uliouona wewe. Ukikuta salfa inapulizwa kaa mbali, inawasha macho vibaya.

Siku ya pili: Msimbati na mikoko

Ukiwa na siku nyingine, nenda Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipa kiingilio, kisha ulizia maji yanajaa saa ngapi, maana gari hupita mchangani na bahari haina breki. Wahi asubuhi umwone mlakasa, ule mmea unaotambaa ufukweni wenye maua ya zambarau, kwani jua la mchana likiwaka maua yananyauka. Kwenye mikoko yupo mlilana, ambao ua lake jeupe hufunguka jioni, na kufikia asubuhi nyuzi zake zimeshadondoka. Ukibahatika kulikuta, hiyo ni zawadi tosha.

Kuufikia mto wenyewe kunataka tahadhari. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotokea ng'ambo. Kabla hujaelekea mpakani, ulizia hali kwa viongozi wa kijiji au ofisi ya hifadhi, na ubebe kitambulisho. Halafu viboko wapo, usijitie ushujaa ukingoni.

Oktoba hadi Desemba: Mikindani

Umekosa msimu wa mikorosho? Usijali. Mikindani iko kilomita 10 hivi tu kutoka mjini, hata bajaji inakufikisha. Mvua zikikaribia, mibuyu hutoa maua makubwa meupe yanayofunguka magharibi na kuchavushwa na popo usiku. Mwisho wa mwaka mikrismasi nayo inawaka nyekundu. Tembeeni taratibu hadi Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, mpunge upepo wa ghuba.

Kabla hamjaondoka

- Piga simu kwa mwenyeji uulize kama mikorosho imeanza kutoa maua. Mwaka haufanani na mwaka.
- Beba maji, kofia na viatu vya kufunika vidole.
- Mwenye mzio wa vumbi la maua asisahau dawa zake.
- Kwenye boti, vaeni jaketi la kuokolea. Mapozi baadaye.
- Nunueni korosho kwa wanaozibangua wenyewe, pesa ibaki kijijini.

Na kama mwenzako anang'ang'ania ua la kupeleka nyumbani, mwahidi kumrudisha Oktoba au Novemba. Hilo ua atalikuta limekuwa bibo, na hapo atakula hadi achoke.